Kibarua cha mtaro Tunduma: Kwa nini si ajira ya Serikali, na haki zako ni zipi

Mvua zikikolea Tunduma, mitaro ikaziba, halmashauri inahitaji watu wa kuzibua leo, si mwezi ujao. Kibarua anaitwa, anapewa chepe, analipwa kwa siku. Je, amekuwa mtumishi wa umma? Hapana.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 haihesabu kuwa ofisi ya utumishi wa umma kazi inayolipwa kwa saa, kwa siku au kwa mkataba wa muda maalumu.

Kazi ya kudumu halmashauri inahitaji nafasi kwenye ikama, kibali, kisha usaili. Ukisubiri yote hayo, maji yameshaingia ndani ya nyumba za watu.

Anachokosa kibarua

Hana pensheni ya PSSSF kama mtumishi, hapandi daraja, na akiondolewa hawezi kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma.

Kubwa zaidi: kufagia au kuzibua mitaro kwa miaka mingi hakumgeuzi kuwa mwajiriwa wa kudumu. Nafasi ikitangazwa, anaomba na kushindana kama wengine. Wengi huligundua hili wakiwa wameshachelewa.

Je, hana haki kabisa?

Anazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamgusa hata mfanyakazi wa muda:

• Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

• Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki huanza baada ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kibarua wa wiki mbili hana kinga hiyo.

• Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama ujira.

Vipi ajira za muda za TASAF?

Nazo si utumishi wa umma. Ni za kaya zilizo kwenye mpango, hadi siku 60 kwa mwaka, kwa kazi kama kuchimba barabara za mitaa na kupanda miti. Hela ikichelewa, mlengwa huanzia Kamati ya Usimamizi ya Jamii ya mtaa wake, kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Cha kufanya kabla ya kushika chepe

Uliza ujira wa siku na nani analipa. Andika kwenye daftari kila siku uliyofanya kazi, na usifute meseji za malipo. Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyohiyo.

Bila kumbukumbu hizo, mbele ya CMA litabaki neno lako dhidi ya lao.