Mwanao Akiteleza, Atamkimbilia Nani?

Mzazi, likizo imeanza na mwanao yuko nyumbani. Umekagua ripoti ya shule na umelalamikia alama za hesabu. Je, umewahi kuketi naye mkazungumza juu ya Ukimwi?

Wengi wetu huona haya. Twasema, "Bado mtoto." Lakini wenzake mtaani hawaoni haya. Humwambia kwamba mtu mnene mwenye afya hawezi kuwa na virusi, na kwamba mara moja haidhuru. Yote mawili ni uongo. Mtu aweza kuishi na virusi miaka mingi bila dalili, na mara moja yaweza kutosha kumwambukiza mwingine.

Nawe kijana, kujiepusha na ngono ndiyo kinga ya hakika. Asiyejiepusha asikose mpira. Pombe na bangi nazo humnyang'anya mtu nguvu ya kusema la.

Liko jambo jingine. Aliyebakwa, au aliyeteleza bila kinga, aweza kupewa hospitalini dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Ni lazima aanze kuzimeza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora, kisha aendelee kwa siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu. Binti anayeogopa kiboko cha babake atazimaliza akilia chini ya blanketi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi mwambie mwanao leo: "Likikupata lolote, njoo kwangu. Hospitali kwanza, maneno baadaye."