Mfumo Mpya wa Kompyuta Usimfungie Mlango Asiyeona

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo wapo wageni ambao wakiisha kuingia, mwenyeji hujikuta amesimama nje ya nyumba yake. Mgeni wa namna hiyo ni toleo jipya la mfumo endeshi wa kompyuta, yaani ile programu kuu inayouamsha mtambo na kuziongoza programu nyingine zote. Kwa mtu mwenye macho, mabadiliko ya mfumo huo ni usumbufu wa siku mbili tatu. Kwa asiyeona yaweza kuwa ni kutengwa na kazi, barua na mawasiliano yake kwa usiku mmoja.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mwalimu, mwanafunzi au mzee asiyeona anayetumia kompyuta. Huenda wewe ndiye kijana wa nyumba unayeombwa kuitengeneza inapoleta matata. Basi makala haya yanakuhusu, kwa maana madhara mengi ya aina hii hutendwa na watu wenye nia njema.

SAUTI BADALA YA KIOO

Asiyeona hatumii kipanya, kwa kuwa haoni mshale unakokwenda. Hutumia vitufe vya kibodi, na hutegemea programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti maandishi yaliyopo kwenye kioo, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu apate kuyapapasa kwa vidole.

Ramani nzima ya kompyuta ameihifadhi kichwani: kitufe hiki mara tatu, kishale cha chini mara mbili, na barua imefunguka. Mwenye macho akikuta kitu kimehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia, hukitafuta kwa kutupa jicho mara moja. Asiyeona hana budi kuanza upya, neno kwa neno, kama mtu aliyerejea nyumbani akakuta milango imebadilishwa mahali. Na ikiwa sauti yenyewe imekatika baada ya mabadiliko, hata ramani hiyo haimfai kitu.

ASILI YA TATIZO

Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi zilionyesha maandishi matupu, na kuyatamka hakukuwa kazi ngumu sana. Mwaka 1989 ilitolewa programu ya JAWS kwa kompyuta za mfumo wa DOS. Mwanzilishi wake, Ted Henter wa Marekani, alikuwa mhandisi na mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978.

Ndipo ulipoenea mtindo wa madirisha na picha ndogo ndogo, hasa baada ya Windows 95 kutolewa mwezi Agosti, 1995. Picha haisomeki. Iliwabidi watunzi wa programu hizi wazidake amri za uchoraji zikiwa njiani kwenda kwenye kioo, kisha wakisie ni kitu gani kinachochorwa. Mfumo mpya ulipobadili namna ya kuchora, mitego yao haikunasa kitu, na programu ikawa bubu.

Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu ulio bora zaidi, unaoiwezesha kila programu kujieleza yenyewe: hiki ni kitufe, na jina lake ni Hifadhi. Lakini utaratibu huo hufaa tu pale mtunzi wa programu anapoufuata tangu mwanzo wa kazi yake.

Mfano ulio wazi ni Windows 10, iliyotolewa tarehe 29 Julai, 2015. Ilikuja na kivinjari kipya kiitwacho Edge, na kampuni yenyewe ikawashauri watumiaji wa programu za kusoma skrini waendelee na kivinjari cha zamani, kwa kuwa kile kipya kilikuwa bado hakijawa tayari kwao. Wenye Windows 7 na 8.1 waliruhusiwa kuhamia toleo hilo bure kwa mwaka mmoja, lakini kwa watumiaji wa vifaa saidizi muda uliongezwa zaidi ya hapo. Nyongeza hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo yatupasa kujiuliza: kwa nini watu wale wale ndio walazimike kungoja kila mara?

GHARAMA NA MUDA

Jambo la pili ni fedha. Kwa miaka mingi leseni ya kawaida ya JAWS iliuzwa kwa karibu dola 900 za Marekani, na aghalabu mfumo mpya ulidai toleo jipya la programu hiyo, ambalo nalo lililipiwa. Nafuu ilipatikana mwaka 2006, pale Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, alipoanza kuitunga NVDA, ambayo hutolewa bure. Sauti inayokuja nayo, iitwayo eSpeak NG, yaweza kusoma hata Kiswahili.

Je, dawa ni kukataa mabadiliko? La hasha. Mfumo wa zamani hufika siku ukaachwa bila ulinzi dhidi ya virusi. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Hata NVDA, kuanzia toleo la kwanza la mwaka 2024, haifanyi kazi tena katika Windows 7. Na Windows 11 huzikataa kompyuta nyingi kuukuu, hivyo anayetaka kuendelea hulazimika kununua mtambo mwingine. Asiyeona yumo kati ya mwamba na mawimbi: akibadili upesi huenda akanyamaziwa, akichelewa mno huachwa nyuma.

WAJIBU WETU

La kwanza, usibonyeze kitufe cha kukubali toleo jipya katika kompyuta ya asiyeona bila idhini yake. Muulize kwanza ni programu gani anayoitumia, kisha mhakikishe pamoja kwamba inaukubali mfumo huo. Ngojeni majuma machache, wengine wagundue kasoro.

La pili, tunzeni nakala za nyaraka zake zote mahali pengine. Wekeni NVDA katika diski mweko, kwa kuwa yaweza kuendeshwa kutoka humo bila kusimikwa. Tayarisheni na spika za akiba za kuchomeka. Msaidizi wa Windows yenyewe, aitwaye Narrator, huamshwa kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Windows na Enter. Hapo awali vilikuwa Windows na Enter tu. Hata mlango huu wa dharura ulibadilishwa mwaka 2017. Mambo yakiharibika kabisa, Windows 11 huruhusu kurudi katika mfumo wa zamani ndani ya siku kumi. Baada ya hapo mlango hufungwa.

La tatu ni la wakuu wa ofisi na shule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka teknolojia ya habari ifikiwe na wote. Nchini tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Basi kabla ya kubadili kompyuta zote kwa siku moja, jaribuni kwanza moja, na mtu wa kuijaribu awe yule mtumishi au mwanafunzi asiyeona. Ikimtii yeye, wengine hawatapata taabu. Isipomtii, mtakuwa mmeokoa kazi ya mtu kwa gharama ya kungoja kidogo, na kungoja huko kusiachwe kuwa mzigo wake peke yake.