Kilo Moja ya Sukari, Watoto Wawili

Msomaji wa Chawia, kule milimani juu ya Mwatate, ameniuliza: "Nililipa karo kwa simu, kiduara kikazunguka weee, kisha mtandao ukapotea. Nikibonyeza tena, si nitakatwa mara mbili?"

Inategemea fundi aliyeunda mfumo wenyewe. Habari za seva na minara nitaziruka, zinachosha. Kiini ni hiki: simu ikikosa jibu, haina njia ya kujua kama ombi halikufika, au lilifika, pesa zikakatwa, na jibu ndilo lililopotelea njiani.

Chukua mama aliyemtuma mtoto dukani na kikaratasi: sukari kilo moja, weka kwa deni. Mtoto harudi. Mama anamtuma mdogo wake na kikaratasi kingine. Jioni wanaingia wote wawili, kila mmoja na kilo yake. Lakini mama akiandika namba, tuseme 47, na kikaratasi cha pili nacho akakipa 47 ileile, mwenye duka atapekua daftari: "Hii nilishatoa, mwambie mama kakako anayo." Kinachonipendeza ni kwamba hamfukuzi mtoto. Anamjibu kana kwamba ndiye aliyetangulia.

Sasa, mwenye duka aandike namba daftarini kwanza au apime sukari kwanza? Akipima, taa ikazimika kabla hajaandika, mtoto wa pili atabeba kilo nyingine. Akiandika kwanza, taa ikazimika kabla hajapima, mama atakunywa chai bila sukari huku daftari likishikilia kwamba sukari ilitoka. Ndiyo sababu kwenye kompyuta kuandika namba na kuhamisha pesa hufungwa fundo moja: yatimie yote mawili, au lisitimie hata moja. Na watoto wakifika kaunta kwa pamoja? Daftari halipokei 47 mbili, basi mmoja atangoja.

Gregor Hohpe na Bobby Woolf waliuingiza ufundi huu katika kitabu chao cha 2003 kuhusu ruwaza za kuunganisha mifumo ya mashirika, yaani masuluhisho ambayo mafundi wengi wameyajaribu yakashika. "Ruwaza" sina ugomvi nayo. Kinachonikosesha usingizi ni "idempotenti" katika jina la ufundi wenyewe, yaani kisichobadilisha tokeo hata kikirudiwa, neno alilobuni mwanahisabati Mmarekani Benjamin Peirce mwaka 1870. Nilijaribu "tendo tulivu", likanuka usingizi. "Rudufu" ndiyo balaa yenyewe tunayoikimbia. Nimetua kwenye "mpokezi asiyezidisha", na mwenye bora zaidi aniandikie.

Turudi kwenye karo. Daraja, lango la M-Pesa ambalo Safaricom iliwafungulia waunda programu mwaka 2017, linakwenda njia hiyohiyo ya namba: mfumo wa shule ukiomba malipo hupewa namba ya ombi papo hapo, na tokeo hufuata baadaye likiwa na namba hiyo. Niliwahi kukuta mfumo, mwenyewe simtaji, uliopokea matokeo na kuongeza salio bila kutazama namba. Tokeo lilipoletwa mara mbili, mzazi akaonekana amelipa mihula miwili.

Basi, dada yangu wa Chawia, ukibonyeza "jaribu tena" palepale, huenda simu ikapeleka 47 ileile. Ukitoka ukaanza upya, umeandika 48. Tazama ujumbe wa M-Pesa kwanza, halafu mpigie mhasibu wa shule.