MAJI YA RUVUMA YATOKA WAPI?

Kila mwaka, katika miezi ya Januari, Februari na Machi, khabari moja huzungumzwa barazani katika vijiji vilivyo karibu na mlango wa Ruvuma, tangu Madimba hata Msimbati na Kilambo. Mtu ana shamba lake la mpunga bondeni. Juma zima mvua haikunyesha, jua lawaka, mpunga waanza kunyauka, naye hutazama mbinguni akiomba mvua. Asubuhi moja aenda shambani, akuta maji yenye rangi ya udongo yamepanda ukingo wa mto na mpunga wote umezama. Hapo huuliza: maji haya yametoka wapi, na hapa hakuna wingu? Wako wasemao kwamba bahari ndiyo iliyousukuma mto nyuma, na wako wasemao mambo mengine ambayo si lazima kuyaandika. Wale wanaoitaja bahari wana sehemu ya kweli, nasi tutaieleza mahali pake. Lakini sababu yenyewe iko mbali zaidi, na ili ifahamike yafaa kwanza tujue jinsi mito ya nchi hii ilivyogawanyika.

Msomaji na atazame paa la nyumba yake. Mvua ikinyesha juu ya mgongo wa paa, tone moja huteremkia uani na la pili huteremkia barazani, ijapokuwa yalianguka karibu kwa upana wa kidole. Nchi nayo ina migongo yake. Mahali pengine mgongo huo ni mlima mrefu unaoonekana kwa mbali. Pengine ni mwinuko mdogo tu, hata mpita njia hajui kwamba ameuvuka. Nchi yote ambayo maji yake hushukia mto mmoja huitwa bonde la mto huo, hata ikiwa ndani yake mna milima na nyika. Serikali ya Tanzania imeigawa nchi katika mabonde 9 kwa kazi ya kusimamia maji, na hili letu huitwa Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Jambo la ajabu katika nchi hii ni kwamba maji yake hayaendi katika bahari moja. Maji ya Kagera, yatokayo Rwanda na Burundi, huingia katika Ziwa Viktoria, na kutoka huko hushika njia ya Naili hata kuipita Misri na kumwagika katika Bahari ya Kati. Mto Malagarasi wa Kigoma huenda njia nyingine kabisa: huingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo likijaa hutoa maji kwa mto Lukuga, nao huyapeleka Kongo, na Kongo huyafikisha Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika. Wataalamu wa miamba na samaki huona kwamba Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Hapo kale ulikwenda Kongo moja kwa moja, kisha nchi ikapasuka na kudidimia mbele yake, shimo likajaa maji, nalo ndilo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Hata leo wako samaki wa Malagarasi ambao jamaa zao hawamo ziwani, bali wamo katika mto Kongo.

Mpasuko huo, uitwao Bonde la Ufa, ndio ulioichafua mito ya Tanzania kama mtu aliyevunja sinia. Mito ya Songwe, Kiwira na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire na kuungana na Zambezi, ikaifikia Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Mingine haifiki baharini kamwe. Maji yaingiayo Rukwa, Eyasi, Manyara na Natron hayana mlango wa kutokea. Huchukuliwa na jua kwenda juu, nayo chumvi na magadi hubaki chini. Ndiyo maana mtu aweza kusimama kando ya Natron, penye maji hata upeo wa macho, akafa kwa kiu.

Iliyobaki ni mito ya pwani. Pangani watoka Kilimanjaro na Meru. Wami hupita kaskazini ya Bagamoyo. Ruvu watoka Uluguru, nao ndio uwanyweshao watu wa Dar es Salaam. Huku kusini kuna Matandu, Mbwemkuru, na Lukuledi unaoingia baharini Lindi. Mkubwa wa yote ni Rufiji, ambao bonde lake ni kilomita za mraba 177,000 hivi, yaani karibu sehemu moja katika tano za Tanzania Bara. Hufanywa na Kilombero na Luwegu, kisha Ruaha Mkuu huungana nao. Huko ndiko lilikojengwa bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo ya umeme ya megawati 2,115.

Khabari ya Ruaha Mkuu haifai kupitwa upesi. Mto huu, ambao wazee waliujua ukipita mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki wamesongamana katika madimbwi. Mvua haikukoma Mbeya wala Iringa. Maji huchukuliwa huko juu, katika nyanda za Usangu, kwa mifereji ya mashamba ya mpunga, na mingi katika mifereji hiyo haifungwi hata baada ya mavuno. Mkulima wa Usangu hamwoni mtu wa chini, wala mtu wa chini hamwoni yeye. Lakini mmoja akifungua mfereji, mwingine hukosa maji, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu nayo hupungukiwa.

Sasa turudi nyumbani. Ruvuma huzaliwa katika milima ya Matagoro, karibu na mji wa Songea. Nyanda hizo za Songea ni kama mgongo wa paa tulioutaja: maji ya upande mmoja huenda kwa Ruhuhu hata Nyasa, ya upande wa pili huenda kwa Luwegu hata Rufiji, na ya upande wa tatu ndiyo ya Ruvuma. Mto hushuka kusini hata mpaka wa Msumbiji, ukageuka mashariki, ukawa mpaka wenyewe hata baharini. Urefu wake wote ni kilomita 800 hivi.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mtu atazamapo ramani huona Ruvuma kama mstari kati ya nchi mbili, akadhani kwamba nusu ya maji ni yetu na nusu ni ya jirani. Sivyo. Bonde la Ruvuma ni kilomita za mraba 155,000 hivi, na sehemu mbili katika tatu ziko Msumbiji. Tawi lake kubwa kuliko yote ni Lugenda, mto ambao hauigusi Tanzania hata mahali pamoja. Hukusanya mvua za Niassa, nchi pana yenye milima mingi, ukauingia Ruvuma mahali paitwapo Negomano, karibu na Mtambaswala, ambapo Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lilifunguliwa mwaka 2010. Mvua kubwa ikinyesha Niassa, Lugenda hujaa. Maji hushuka polepole kwa siku kadhaa, na kufika chini huku mbingu ikiwa nyeupe. Basi mwenye shamba bondeni asitazame mawingu ya Madimba peke yake. Aliye na ndugu Mtambaswala na amwulize kwa simu mto umefika wapi, maana maji yaonekanayo darajani leo ndiyo yatakayofika kwake baadaye.

Huku chini mto ni mpana, lakini kina chake ni kidogo, na mchanga wake hauna makao. Fungu la mchanga lililokuwa upande huu mwaka jana, mwaka huu laweza kuwa upande wa pili. David Livingstone alijifunza jambo hili kwa taabu. Mwaka 1861 aliingia Ruvuma kwa meli ya moshi iitwayo Pioneer, akitumaini kupata njia ya maji ya kufika Nyasa. Maji yakaanza kupungua, akalazimika kurudi upesi asije akakwama. Mwaka 1862 akarudi akapanda mto kwa mashua, akaenda mbali, hata akazuiwa na miamba. Mwaka 1866 alikuja tena, safari hii na ngamia, lakini matope na mikoko ya mlangoni yakamkatalia kuwashusha, akaenda kushuka Mikindani. Nyumba za Mikindani zina khabari nyingi za safari hiyo, nyingine za kweli.

Mto usiotulia mahali pamoja ni mpaka wa mashaka. Wajerumani na Wareno walipatana Desemba 1886 kwamba Ruvuma uwe mpaka kati yao, na haukupita muda mrefu wakagombana juu ya mlango wake. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kusini ya mto, na Wareno wakairudisha mwaka 1916 wakati wa vita. Waliolima na kuvua huko hawakuulizwa. Watu wa ng'ambo na wa ng'ambo hii ni jamaa moja, Wamakonde kwa Wamakonde, wakaenda kwa mitumbwi arusini na mazikoni kama walivyofanya kabla ya mapatano hayo.

Sasa ile sehemu ya bahari. Pwani ya Mtwara bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na ukiwa mpevu. Ikiwa mto umejaa kwa maji ya Lugenda, na bamvua ikakutana nao mlangoni, maji ya mto hukosa njia, yakasimama na kutapakaa mashambani. Wazee waliosema kwamba bahari yausukuma mto hawakukosea, ila bahari peke yake haileti matope mekundu. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: mto huwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda mtoni, na visima vya karibu hubadilika ladha. Yaliyo kati ya mto na bahari ni mikoko, mikandaa na michu, ambayo mizizi yake hushika matope na kupunguza nguvu za mawimbi. Tangu mwaka 2000 sehemu hii imewekwa katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 hivi za bahari na nchi kavu. Wako walalamikao kwamba hifadhi imewazuia kukata boriti walizokata babu zao, na malalamiko hayo yafaa kusikilizwa. Lakini Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja na watu wa pwani yetu wakaambiwa wahamie mahali pa juu, hapakuwa na mtu aliyetamani mikoko ipungue. Kimbunga kile kiligeukia Cabo Delgado, kikaumiza watu huko.

Mtu aliyetoka Newala aweza kuuliza: ikiwa mto mkubwa namna hii wapita chini yetu, mbona uwanda wa Makonde hauna hata kijito? Mvua ya huko si haba. Ila juu ya uwanda huo pana mchanga mnene, nao huyanywa maji upesi, yakazama chini sana hata kukutana na tabaka lisilopenyeka, yakatokea kama chemchemi chini ya miteremko. Kwa miaka mingi wanawake walishuka mabonde hayo gizani na kupanda na mitungi jua likiwa kali. Miaka ya 1950 ndipo mitambo ya kusukuma maji juu ilipoanza kazi.

Na mchanga huo huo wa kunywa ndio ulioileta Madimba kiwanda. Kwa mamilioni ya miaka Ruvuma umechukua mchanga na udongo wa bara, tangu Songea na Niassa, ukaumwaga baharini tabaka juu ya tabaka, hata pakawa na unene wa maelfu ya mita. Mchanga ukageuka jiwe lenye vinyweleo, na udongo wa mfinyanzi uliokuja juu yake ukawa kifuniko. Gesi iliyopanda kutoka chini iliingia katika jiwe hilo kama maji yaingiavyo mchanga wa Newala, ikazuiwa na kifuniko. Katika Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Tangu mwaka 2010 nyingine nyingi imegunduliwa katika kina kirefu cha bahari, upande wetu na upande wa Msumbiji. Na tangu mwaka 2015 ya Mnazi husafishwa Madimba, ikapelekwa kwa bomba hata Dar es Salaam.