Je, Wajua? Karanga za Pauni Milioni 36

Jioni mtaani Bwiza, Bujumbura, muuza karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha hakosi kupita. Je, wajua kwamba zao hilo hilo liliwahi kumeza pauni milioni 36 za Waingereza, hapo jirani Tanganyika?

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali wazo la kulima karanga Afrika kwa mashine. Watu watatu wakiongozwa na John Wakefield walitumwa kukagua: mmoja wa kilimo, mmoja wa mashamba makubwa, mmoja wa benki. Baada ya wiki tisa, nyingi zikiwa za kuruka kwa ndege, walirudi na hesabu yao: ekari 3,210,000, pauni milioni 25 hivi, miaka sita.

Je, wajua walianzia wapi? Kongwa, Ugogoni! Mgogo yeyote angewaeleza jinsi mvua ya kule isivyoaminika. Udongo wake una mfinyanzi. Jua likiupiga unakuwa mgumu kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi, sharti zing'olewe. Hapa siwezi kupita haraka, maana inauma. Hakukutangulia hata shamba moja la majaribio. Njaa ya mafuta nyumbani, heshima ya kampuni kubwa na hofu ya kuonekana mpinzani viliziba swali ambalo mkulima yeyote huanza nalo: hapa pameshawahi kumea nini?

Matrekta yaliharibikia vichakani. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, navyo vikashindwa. Januari 1951 mpango ukafungwa.

Mwaka 1972 Irving Janis, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya vikao kama hayo yaliyoziba swali lile: wenye akili wanaoshikamana mpaka kila mmoja anameza shaka yake. Mfano wake mmoja ni uvamizi wa Kuba wa 1961. Arthur Schlesinger, mshauri wa Rais Kennedy, alikuwa ameandika barua ya kuupinga, lakini mbele ya wenzake alinyamaza, na baadaye akajuta. Kampuni inayopeleka mtaji ugenini iko hatarini zaidi, kwa sababu anayeijua ardhi kwa kawaida hayupo mezani.

Na je, wajua kwamba Urambo, mkoani Tabora, nayo ilikuwa shamba la mpango ule? Baada ya karanga kushindwa, watu waligeukia tumbaku. Karibu na hapo, Ulyankulu, ndiko maelfu ya wakimbizi wa Burundi wa 1972 walikopelekwa. Walifyeka msitu wenyewe, wakalima mahindi, maharage na tumbaku kwa jembe la mkono.