Laptopu ya Kazi Ilindwe Kabla Windows Haijaamka

Anayetaka kusoma mafaili yaliyo kwenye laptopu ya ofisi hahitaji kujua nywila ya mwenyewe. Flashi yenye Linux inamtosha, pamoja na dakika chache za kuachwa peke yake. Anaichomeka, anawasha mashine huku akibonyeza F12, anachagua flashi, na mfumo mwingine kabisa unaamka. Windows haikuguswa, kwa hiyo haikupata nafasi ya kumdai mtu nywila. Diski nzima iko mbele yake.

Katika wadi ya Sericho, Isiolo Kusini nchini Kenya, hatari hii ina sura yake. Laptopu ya kazi haitulii mezani. Hupanda pikipiki na lori, huachwa penye sola ili ichajiwe, huazimwa ofisi ya jirani. Ndani mna mambo ya watu: rekodi za zahanati, alama za wanafunzi, orodha za kaya zinazosaidiwa wakati wa ukame. Mpango wa Hunger Safety Net, unaozilipa kaya shilingi 5,400 kila miezi miwili, umeshafika kaunti ya Isiolo, na orodha za misaada hubeba majina, nambari za vitambulisho na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayedhibiti data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kuwa imevuja na huenda ikawadhuru wenyewe.

Tuanze na kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Programu ya kwanza kuamka haiko kwenye diski. Iko ndani ya chipu kwenye ubao mkuu. Tangu kompyuta ya IBM ya 1981 iliitwa BIOS; mashine za sasa zina UEFI. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, hutafuta pa kuwakia kwa mpangilio iliopewa, kisha hukabidhi kazi kwa programu ndogo inayouamsha mfumo. Kila hatua huamini iliyotangulia, ndiyo maana anayeishika ya mwanzo ameshika zote. Virusi vya Brain, vilivyotoka Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, vilijificha mwanzoni kabisa mwa diski kwa sababu hiyo.

Kinga ya kwanza basi ni kuweka nywila kwenye UEFI yenyewe na kuzuia mashine isiwakie kwenye flashi. Dell nyingi hufungua ukurasa huo kwa F2, HP kwa F10. Kinga hii humzuia mpita njia, si fundi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, kuchomoa betri ndogo ya CR2032 kwa muda hufuta nywila hiyo. Laptopu za kisasa ni ngumu zaidi, lakini diski zake nyingi bado hufunguliwa kwa bisibisi na kusomwa kwenye mashine nyingine.

Ya pili ni Secure Boot, iliyoenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Kazi yake ni kukagua saini ya kila programu inayoshiriki kuwaka, ili virusi visijipenyeze humo. Iwashwe, ila isitegemewe kwa lisilo lake. Ubuntu nayo ina saini inayokubalika, hivyo flashi ya mwizi itapita bila kizuizi. Tena mwaka 2023 watafiti walieleza kirusi cha BlackLotus, kilichoikwepa Secure Boot hata kwenye Windows 11.

Wanaotumia Linux wana mlango mwingine. Menyu ya GRUB, ile programu ndogo inayouamsha mfumo, ikiachwa bila nywila, herufi moja tu, e, humruhusu mtu kubadili amri za kuwaka na kuingia kama msimamizi. Nywila nayo haikutosha: mwaka 2015 watafiti wa Valencia, Hispania, waligundua kwamba kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28 kuliivuka. Kasoro hiyo ilirekebishwa, kwa walioweka masasisho.

Kinachobaki imara hata diski ikichomolewa ni kuisimba yote: BitLocker kwa Windows Pro, LUKS kwa Linux. Bila ufunguo, mwizi amepata chuma tu. Sheria ile ya 2019 inalitambua hilo: data iliyosimbwa inaweza kumwondolea mhusika wajibu wa kumjulisha kila mtu aliyeandikwa humo. BitLocker huhifadhi ufunguo katika chipu ya TPM, ambayo huutoa yenyewe mashine ikiwaka kawaida, na hapo pana upenyo. Februari 2024 mtafiti mmoja aliudaka ufunguo ukitoka kwenye chipu ya laptopu ya zamani, kwa sekunde 43, akitumia kifaa cha chini ya dola 10. Kwa hiyo ongeza PIN inayoulizwa kabla ya Windows, na uzime mashine kabisa kabla ya safari. Ukifunga kifuniko tu, ufunguo unabaki kwenye kumbukumbu.

Hapa ndipo umbali unapobadilisha ushauri. Nairobi, aliyejifungia nje ya laptopu yake huvuka barabara akamwona fundi. Aliye Sericho ana safari ndefu kupitia Garba Tula hadi mjini Isiolo, na hata huko fundi hawezi kufungua diski iliyosimbwa. Julai 2024, kasoro ya programu ya CrowdStrike ilipoangusha mashine milioni 8.5 duniani, mafundi wengi walilazimika kuingiza tarakimu 48 za ufunguo wa dharura wa BitLocker mashine baada ya mashine. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye karatasi mbili: moja kabatini ofisini, nyingine makao makuu. Zisikae kamwe kwenye mkoba wa laptopu.

Vivyo hivyo na masasisho ya UEFI. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kugoma kuwaka tena. Usiyafanye kwa sola yenye betri dhaifu. Subiri umeme wa uhakika, chaji ikiwa imejaa. Simamisha BitLocker kwanza, la sivyo huenda ikakudai zile tarakimu 48. Na ukinunua laptopu ya mitumba, ingia kwenye UEFI kabla ya kulipa: nywila ya mwenye mashine wa zamani ikikutokea hapo, mrudishie muuzaji mashine yake.

Ukiwa na nafasi ndogo tu wiki hii, anza kwa kutayarisha pa kuweka karatasi mbili za ufunguo, kisha usimbe diski. Nywila ya UEFI na Secure Boot zifuate. Ofisi inayosimba leo na kutafuta pa kuweka ufunguo kesho ndiyo itakayopoteza rekodi zake bila hata mwizi kuwepo.