Siki na seli zisizokomaa

"Daktari, mimi siumwi, wala sina uvimbe. Saratani gani mnayoitafuta kwangu?" Mama mmoja wa Segerea aliniuliza hivyo akisubiri zamu yake kwenye benchi la zahanati. Nilimjibu kwamba siku hiyo hatutafuti saratani, tunatafuta seli zilizokataa kukomaa.

Mlango wa kizazi umefunikwa na utando wenye matabaka ya seli. Zinazozaliana ni za chini. Seli changa husukumwa juu, na njiani hubadilika: huacha kugawanyika, hutanuka na kuwa bapa, kiini chake hunywea, na mwisho hubanduka ili nyingine ishike nafasi. Kwa kawaida, kadiri seli inavyokomaa ndivyo inavyopunguza kuzaana.

Kirusi cha HPV huvuruga utaratibu huo. Aina zake mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Protini zake, E6 na E7, huwazima walinzi wawili wa seli, p53 na Rb, ambao kazi yao ni kuizuia isigawanyike ovyo. Basi seli hupanda juu ingali changa, ina kiini kikubwa, na bado inazaana. Mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa kirusi. Kikibaki, safari hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, na huwa fupi zaidi kwa wenye kinga dhaifu. Nasikitika sana kwamba wanawake wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road miaka hiyo yote ikiwa imeshapita.

Ili kuziona seli hizo mapema, muuguzi hulowesha pamba kwenye siki iliyopimwa, akaupaka mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja. Utando uliokomaa hubaki na rangi yake ya waridi. Penye seli changa zilizosongamana, protini huganda na pahali hapo hugeuka peupe. Si kila weupe ni hatari, ndiyo maana anayetazama lazima awe amefunzwa.

Kwa mabinti kuna chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Yule mama alikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. Lilichomwa kwa joto siku ileile, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Adhuhuri alikuwa kituoni akisubiri daladala.